Nilienda Msimbazi kuuliza habari za mvua, nikajibiwa habari za kodi ya nyumba

Ukisema tu unafanya utafiti wa mafuriko ya Msimbazi, swali la kwanza utakaloulizwa hapa Dar, kuanzia kwenye daladala mpaka kwenye ofisi zenye kiyoyozi, ni moja tu, kwani hao watu wa bondeni hawahami kwanini. Nimeulizwa na konda, nimeulizwa na shangazi yangu, nimeulizwa na watu wenye digrii tatu. Hata kwenye proposo yangu ya masters ya jiografia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hilo swali lilikuwepo, limeandikwa kitaalamu zaidi lakini ndo lilelile. Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuna vijana wanaingia fildi nalo, na kuna vitu mtu akikwambia mapema vinakusaidia sana, na pia kwa sababu watu wa Kigogo na Magomeni Suna walionifungulia milango yao wanastahili habari zao zisemwe na kwa lugha yao pia.

Kwa asiyeujua mto wenyewe, Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka zaidi ya kilomita 30, unapita Ukonga, Vingunguti, Kigogo, unafika Jangwani unapita chini ya barabara ya Morogoro, alafu unaingia baharini kwenye mikoko ya daraja la Selander, na njiani unapokea maji ya vijito vya Ubungo, Sinza na kwingineko. Yani karibu kila maji machafu ya katikati ya jiji mwisho wake ni huko. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulishaliweka bonde lile kwenye maeneo ya hatari yasiyofaa kujengwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaja na katazo la kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini ukiingia mitaani unakuta nyumba ina mita ya umeme, ina risiti za kodi ya jengo, ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mwenye nyumba anakutolea vyote hivyo kwenye bahasha ya kaki anakuuliza, dada, kama mimi ni mvamizi hii kodi wanachukua ya nini? Hilo swali nalo nililiandika kwenye daftari na mpaka leo sina jibu zuri la kumpa.

Alafu kuna tarehe ambazo kila mtu kule anazo kichwani. Desemba 2011, ile mvua iliyosemwa ni kubwa kuliko zote tangu nchi ipate uhuru, watu wapatao 40 walifariki na maelfu wakabaki bila pa kukaa, ndo serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande huko upande wa Bunju. Desemba 2015, bomobomoa ya Mkwajuni na Hananasif, nyumba zinapigwa X nyekundu alafu katapila linakuja. Aprili 2018, maji yakajaa tena Jangwani mpaka karakana ya mabasi ya mwendokasi. Nimeziweka hapa kwa sababu ukifika na dodoso lako ukamuuliza mtu "je, umewahi kuathirika na mafuriko katika miaka kumi iliyopita" atakushangaa, yeye anahesabu umri wa watoto wake kwa mafuriko hayo, huyu alizaliwa mwaka wa maji ya Mabwepande, huyu alikuwa darasa la kwanza tulivyopigwa X.

Fildi nilifanya kuanzia vuli ya 2021 kuingia masika ya 2022. Vibali sitaki kuvielezea sana, barua ya chuo inaenda mkoa, inashuka wilaya, manispaa, kata, mtaa, kila meza ina muhuri wake, kuna ofisi moja barua ilikaa mpaka nikaanza kuwazoea walinzi wa getini. Ushauri wangu ni mmoja tu hapo, usiishie kwa mtendaji. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, alafu nenda kwa mjumbe, yule mwenye shina lake, kaa nae kwenye benchi mnywe kahawa kabla hujagonga mlango wa mtu. Barua inakuruhusu kuingia mtaani lakini mjumbe ndo anakuruhusu kuingia ndani.

Na hata ukiingia, watu wamechoka. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Bonde la Msimbazi limefanyiwa utafiti na vyuo vya hapa, vyuo vya Ulaya, mashirika, washauri wa miradi, kila mtu anakuja na tableti yake, anauliza kipato, anauliza choo, anapima nyumba, anaondoka. Bibi mmoja wa Suna nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha kwenye mkeka, alafu kabla sijafungua begi akaniambia, mwanangu, wenzako wameniuliza haya nikiwa na meno, sasa meno yameisha na majibu sijaletewa. Alisema kwa upole kabisa, hana hasira, na akaendelea kunijibu kila nilichouliza mpaka jioni. Nilitoka pale najua kwamba lazima nirudi na majibu, hata kama hakuna fomu ya chuo inayonidai hivyo.

Kitu kingine ni ile X. Baada ya 2015 mtu yeyote anayeandika kitu mbele ya nyumba anatia hofu. Nikishika simu kuchukua pointi ya GPS naona kabisa watoto wanakimbilia ndani kuita mama, na mama anatoka kafunga kanga kifuani anauliza kwa sauti, mnabomoa lini? Kwaiyo siku za mwanzo daftari lilikaa kwenye begi. Tukawa tunaongea tu, nikimaliza naenda kuandika kwenye kibanda cha chipsi barabarani. Dodoso lilikuja kuingia baadae watu walipokuwa wananijua kwa jina.

Sasa nije kwenye kodi ya pango, maana hapo ndo utafiti wangu uligeuka.

Kwenye vitabu tunasoma "kaya zilizo katika hatari". Kaya. Ukifika Kigogo nyumba moja ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba vitatu huku vitatu kule, ina kaya sita au saba, na mwenye nyumba wakati mwingine hata hakai pale, anakaa Kimara au Mbezi anakuja kuchukua hela ya pango kila baada ya miezi mitatu au sita. Maji yakija yeye anapoteza ukuta, mpangaji anapoteza godoro, friji, vyeti vya shule, cherehani, unga wa biashara. Alafu ikija habari ya kuhama au kulipwa, anayetafutwa ni mwenye nyumba. Wengi walionisimulia habari za 2011 walisema viwanja vya Mabwepande walivisikia kwa wenye nyumba wao, wao kama wapangaji waliambiwa wakatafute pa kupanga kwingine, na wakatafuta, wakapata vyumba hatua chache kutoka palepale walipotolewa, kwa sababu palepale ndo walipoweza kulipa.

Na bei yenyewe inafuata maji. Hili hakuna mtu alinifundisha darasani. Chumba cha bondeni kabisa nilikuwa naambiwa ni karibu nusu ya chumba kilekile kikiwa juu karibu na lami, na baada ya masika mbaya kinashuka tena, mwenye nyumba anakubali hata ulipe mwezi mmoja mmoja, ambalo ni jambo kubwa sana kwa mtu wa kipato cha siku. Kulipa miezi sita kwa mkupuo ni ukuta mrefu kuliko mto. Kwaiyo mtu ambae mwenzake anamuona "mkaidi" ukikaa nae akakupigia hesabu unakuta hesabu yake iko sawa kabisa. Dada mmoja alikuwa anauza chapati na maharage alfajiri Kariakoo, anatoka saa kumi usiku kwa mguu na ndoo yake kichwani, anavuka Jangwani, saa kumi na moja yuko kijiweni wapagazi wanakula. Akihamia Mabwepande au Chanika hiyo saa kumi na moja anafikaje? Daladala ya kwanza ikimfikisha, wapagazi wameshakula kwa mwingine. Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya chapati. Na mtoto anabaki na nani? Bondeni mtoto anabaki na jirani, wa miaka yote, bila kulipa.

Niliandika kwenye daftari langu siku hiyo kwamba kinachohitaji kuelezwa ni nani ana uwezo wa kuhama na nani hana, na nikaenda kumwambia sapavaiza kwamba nataka kupunguza sehemu ya mvua na kuongeza sehemu ya pango. Alinisikiliza, akaniuliza maswali magumu sana, alafu akaniambia usipunguze mvua, ziunganishe. Ni ushauri bora niliopewa chuoni.

Maana mvua nayo ina mambo yake. Watu wengi wanadhani mafuriko yakiongezeka basi mvua imeongezeka, mwisho. Lakini mafuriko yanaweza kuongezeka hata jumla ya mvua ya mwaka ikiwa ileile. Kuna mvua inayoshuka kwa kishindo ndani ya saa chache badala ya kusambaa siku nzima, na kuna ardhi inayoipokea. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja wa nyongeza wamejenga wapi? Wengi pembezoni, ikiwemo kule juu Kinyerezi, Gongo la Mboto, Pugu, kwenye ardhi iliyokuwa mikorosho na mashamba ya mihogo inayonyonya maji. Sasaivi ni bati, ni paving, ni uwanja uliopigwa zege ili gari isipate matope. Kila bati linamwaga maji yake barabarani, barabara inamwaga kwenye korongo, korongo linakula udongo, udongo na mchanga unateremka mpaka Jangwani ambapo mto hauna mteremko tena, unautua pale. Sakafu ya mto inapanda mwaka hadi mwaka. Vijana wanaochimba mchanga pale baada ya mafuriko na kuuza wanajua hili kuliko mtu yeyote, wanakuonyesha kabisa nguzo za daraja, hapa chini zamani mtu alikuwa anapita amesimama.

Kwaiyo aliyejenga Kinyerezi kihalali, na kibali cha ujenzi, ukuta mzuri, maua, maji yake yanaishia kwenye godoro la mpangaji wa Suna. Hao wawili hawajuani. Mi naona hapa ndo jiografia inafanya kazi ambayo fani nyingine inapata tabu kuifanya, kuwaweka hao watu wawili kwenye ramani moja.

Na wakazi wenyewe ramani hiyo wanayo, kwa simu. Bondeni kunaweza kuwa na jua kali kabisa huku Pugu inanyesha, na maji yanafika baadae. Nilikuta akina mama wa Kigogo wana ndugu au wateja Gongo la Mboto na Kinyerezi, mawingu yakikaa upande ule wanapiga simu, vipi huko, akisema inashuka tangu saa tano basi vitu vinaanza kupandishwa juu ya makabati, watoto wanapelekwa kwa mama mdogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wake na yale madaraja ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na watu wanausikiliza, msidhani wanaupuuza. Ila tahadhari inataja mikoa, Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Zanzibar, na mtu wa korido ya Suna anataka kujua kama maji yatavuka kizingiti chake leo usiku au la. Simu ya Gongo la Mboto inamjibu hilo. Kwenye disateshen nilipendekeza hizo simu ziunganishwe na vipimo vya kina cha maji vya huko juu, na mpaka leo naamini ni kitu kinachowezekana kwa gharama ndogo.

Kuhusu picha za setilaiti niseme kidogo kwa wanaopenda GIS, yani ramani za kompyuta, maana mi mwenyewe nazipenda. Landsat unazipata bure na zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1970, ni hazina, unaona kabisa kijani cha Pugu kinavyoliwa. Lakini pikseli moja, yani kimraba kimoja cha picha, hata kwenye zile mpya ni mita 30 kwa 30, na kwenye mita 30 kwa 30 za Kigogo kuna nyumba kadhaa, vyoo vyake, genge na kibanda cha mangi. Na siku ya mafuriko yenyewe juu ni mawingu matupu, picha ya kawaida inakuonyesha weupe, ndo maana watu wanaenda kwenye setilaiti za rada inayopenya mawingu, kama Sentinel-1. Kwa hiyo kina cha maji nilikipata kwenye kuta. Kila nyumba ina alama, mstari wa kahawia wa 2011 uko juu ya swichi, wa 2018 uko dirishani, na mwenyeji anakuonyesha kwa mkono bila kuangalia. Nilikuwa napima na futi ya fundi nguo. Nyumba za jirani zikawa zinakubaliana kwa sentimita chache, na hiyo data ndo iliyowavutia zaidi kwenye prezentesheni.

Vyoo. Hapa watu wengi wanaandika kwa kulaumu na mi sitaki. Kutapisha choo wakati wa mvua kila mtu Dar anakujua, shimo limejaa, gari la majitaka haliingii kwenye uchochoro au hela ya gari haipo, mvua kubwa ikija mtu anafungulia uchafu uende na maji. Ni hatari kubwa, kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar kabla hakijasambaa mikoa mingine, na watoto wanacheza kwenye maji yaleyale. Lakini kaa na mtu mwenye choo kimoja cha wapangaji ishirini, maji ya ardhini yako karibu kiasi kwamba ukichimba kidogo tu shimo linajaa lenyewe, mwenye nyumba hayupo, alafu umuulize angefanya nini. Akina mama waliniambia mambo haya kwa sababu mi ni mwanamke na tulikuwa tumekaa uani tunachambua mchicha, nadhani kaka yeyote mwenye tableti asingeambiwa. Kwaiyo ukipanga timu ya fildi fikiria pia nani anakwenda kuuliza nini.

Katikati ya fildi yangu kikatokea kitu ambacho sikuwa nimekiweka kabisa kwenye proposo, ukame. Vuli ya 2021 ilichelewa, mto Ruvu ukashuka, na Dar kwa sehemu kubwa inakunywa maji ya Ruvu, mgao ukaanza mwezi Novemba. Mvua za masika zikaja, na mwishoni mwa 2022 mgao ukarudi tena. Yani nyumba ileile yenye mstari wa mafuriko juu ya swichi, nimeikuta mama anapanga ndoo foleni usiku kununua maji kwa bei ambayo sijawahi kuiona. Ruvu inapokea maji yake kutoka milima ya Uluguru, huko Morogoro, na mtu wa Suna hana udhibiti nayo kama asivyokuwa na udhibiti na bati za Kinyerezi. Nilimuuliza mzee mmoja mstaafu wa bandari anaonaje, akanijibu, binti yangu, sisi maji yakiwepo yanatufuata ndani, yasipokuwepo tunayafuata sisi. Nikaelewa kwamba kuandika sura ya mafuriko peke yake ni kuwakata watu hawa nusu. Wanaoshughulika na mafuriko wana mradi wao, wanaoshughulika na maji safi wana mradi wao, lakini pochi inayolipia vyote viwili ni moja, ya yule dada wa chapati.

Na huko mbele hali haitabiriki kirahisi. Mifano ya kompyuta ya tabianchi kwa ujumla inaonyesha mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka, wakati masika ya miongo ya karibuni kwenye sehemu kubwa ya ukanda wetu ilikuwa inapungua, wanasayansi wanaliita hili fumbo na bado wanalifanyia kazi. Juu yake kuna El Nino na ile tofauti ya joto la maji kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, ambayo 2019 ilitupa vuli nzito sana. Mwanafunzi wa kwetu ajue haya vizuri, asije akamwambia mwananchi "mvua zitaongezeka" kama vile kashika kalenda ya Mungu.

Zamani sana, miaka ya 1940, mwanajiografia wa Marekani Gilbert White alishaandika kwamba mafuriko ni ya Mungu lakini hasara yake kwa sehemu kubwa ni ya binadamu. Huyohuyo baadae alikuja na wenzake Afrika Mashariki kuchunguza watu wanavyochota na kutumia maji majumbani. Nilipomsoma nikiwa tayari nimeshakaa Suna nilihisi kama ananisimulia nilichokiona, ila ningependa kuongeza kwamba hao binadamu wanaosababisha hasara mara nyingi sio wanaoipata.

Baada ya viva, yani kuitetea disateshen mbele ya watahini, nilirudi. Nilitengeneza kurasa chache za Kiswahili, maandishi makubwa, michoro, mwenyekiti akatupa uwanja wa ofisi ya mtaa jumamosi asubuhi. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Yule bibi alikuja, akakaa mbele. Walinisahihisha sehemu mbili tatu, mojawapo kuhusu njia ya zamani ya mto kabla haijahama, na wapangaji wakasimama wakaongea mbele ya wenye nyumba wao mambo ambayo nadhani hayajawahi kusemwa pamoja. Alafu akasimama mzee mmoja akauliza, hizo pointi za nyumba zetu ulizochukua na simu ziko wapi sasaivi?

Ni swali la haki kabisa. Mi napenda ramani za wazi, nilitumia sana kazi ya Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wanafunzi wa Mlimani na wa Chuo Kikuu Ardhi wakizunguka na wananchi kuchora mitaro na njia za Dar, bila hiyo nisingejua hata mitaro iko wapi. Lakini ramani ya mitaro na orodha ya nyumba zenye choo kinachotapishwa, zenye mpangaji asiye na mkataba, ni vitu viwili tofauti. Nilikuwa nimeshaamua kabla, kwenye disateshen matokeo yote niliyaweka kwa ngazi ya mtaa, hakuna pointi hata moja ya nyumba, na mtahini wa nje aliniuliza kwanini ramani yangu ni ya jumla hivyo, nikamjibu kwa sababu kuna watu walipigwa X, na akakubali. Nikawaeleza yote hayo pale uwanjani, na faili lenye pointi nikalifuta.

Mwaka huohuo wa 2022 Benki ya Dunia ikapitisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao unahusu kuupanua na kuusafisha mto chini kule, daraja jipya refu la Jangwani, na kuhamisha watu kwa fidia. Mi naukubali mradi, niseme wazi, bonde halikaliki na watoto wanakufa. Ila tangu nyumba zianze kubomolewa nimekuwa nawatafuta wapangaji niliowafahamu, kwa simu moja moja. Wengine wako Chanika, wengine Mbagala, Kivule, na baadhi wamehamia kando ya vijito vingine hukuhuku Tandale na Mburahati kwa sababu zilezile, kodi ya mwezi mmoja mmoja na kutembea kwa mguu mpaka kazini. Dada wa chapati yuko Mburahati. Anasema maji bado hayajafika lakini ameshaona mstari ukutani.

Kwaiyo kama kuna mdogo wangu yeyote wa jiografia, Mlimani, Ardhi, Dodoma, popote, anatafuta mada ya utafiti, aichukue hii, wapangaji wa Msimbazi wameenda wapi na wanaishi na hatari gani huko waliko. Wenye nyumba wana karatasi, watapatikana hata miaka kumi ijayo. Wapangaji wako kwenye madaftari ya wajumbe wa shina na kwenye simu za majirani tu, na hao wajumbe nao wanahama, kwaiyo anza na wajumbe, mwaka huu, kabla ya masika.